Mwaka Mmoja wa Mtini: Kuomba Tena Udaktari Sasa au Kusubiri?



Wahenga wetu hapa wametuacha njia panda. Walisema haraka haraka haina baraka, halafu hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Sasa kijana aliyekosa nafasi ya kusomea udaktari afuate ipi? Aombe tena mara tu dirisha la udahili likifunguliwa, au akae kwanza mwaka mzima, pengine miwili, ajiandae upya? Kila Julai matokeo ya kidato cha sita yakitoka swali hili linarudi, na linarudi tena wenzetu wanapopanda basi na masanduku yao kwenda kuripoti vyuoni. Na kwa kuwa wengi huliuliza wakiwa wameumia, huwa wanajibiwa kifupi: "Mungu ana mpango wake." Ni kweli anao. Ila jibu hilo halimwambii mtu afanye nini Jumatatu asubuhi.

Somo letu leo ni Luka 13:6-9, mfano wa mtini usiozaa. Chukua Biblia yako usome kwanza, ni aya nne tu, kisha turudi hapa.

Tisa mbili

Tuweke mfano ili tusiongee hewani. Tuseme ni binti wa Titye, huku kwetu Kasulu. Ni mwanakwaya, alikuwa TYCS tangu kidato cha kwanza, kasoma PCB, na tangu utotoni akiulizwa atakuwa nani anajibu daktari. Matokeo yanatoka: Fizikia C, Kemia C, Baiolojia C. NECTA wanahesabu A kuwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, na kuendelea, kwa hiyo ana pointi 9. Pointi 3 hadi 9 ni Division One. Jumuiya nzima inashangilia, mama anapiga vigelegele, anatajwa kwenye matangazo baada ya Misa.

Halafu anaingia kwenye udahili na kukuta hesabu imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Kwa TCU A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Binti yetu ana 9 tena, ila safari hii ni 9 kati ya 15. Tisa ya kwanza ilimwingiza Division One, ingawa mlangoni kabisa. Tisa ya pili inamweka nyuma ya wenye 15, 14, 13 na 12 wanaogombea viti vilevile. Hakuna anayemwambia hana sifa. Lakini kuwa na sifa ni kitu kimoja na kuchaguliwa ni kingine. Anaomba Muhimbili, anaomba Bugando, anaomba Ifakara, awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hapati. Kijijini hawaelewi: mtu wa Division One anakosaje chuo? Wengine wanaanza kunong'ona kwamba labda alidanganya. Mimi naamini nusu ya aibu hii ingeisha kama wazazi wangeelezwa mapema tofauti ya hizo tisa mbili. Kama una mdogo wako yuko kidato cha tano, mweleze baba yako leo jioni.

Sasa ana njia kadhaa mbele yake. Anaweza kuomba tena mwakani kwa alama zilezile. Anaweza kuahirisha kuomba, arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, yaani kurisiti, ndipo aombe. Anaweza kusoma stashahada ya utabibu miaka 3, akaomba udaktari baadaye akiwa tayari anatibu watu. Au apokee kozi nyingine, uuguzi, maabara, famasia, ualimu wa sayansi. Zote ni njia halali. Kanisa halina fundisho linalosema udaktari ni mtakatifu kuliko ualimu wa baiolojia.

Mtunza shamba hakuomba muda mtupu

Turudi kwenye mtini. Mwenye shamba amekuja miaka 3 kutafuta matunda na hajapata kitu, anaagiza ukatwe. Angalia sababu anayotoa: mti unakalia ardhi bure. Wahubiri wengi wanamfanya mzee huyu kuwa katili. Sidhani. Sisi watu wa mibuni na migomba tunamwelewa vizuri kabisa, ardhi ina gharama. Na swali lake ndilo analouliza baba yako jioni akiwa ameinamisha kichwa: mwanangu, utakaa hivi mpaka lini? Si kwamba hakupendi. Ameuza mahindi, ameuza mbuzi, na nyuma yako kuna wadogo zako wanaosubiri zamu yao.

Mtunza shamba naye hajibu kwa kubembeleza. Hasemi mti ni mzuri, hasemi tumwachie Mungu. Anaomba mambo matatu kwa pamoja. Anaomba muda, mwaka mmoja tu. Anaahidi kazi: atauchimbia pembeni na kuutia samadi. Na anakubali mwisho, kwamba ukipita mwaka huo bila tunda, basi ukatwe. Ukiondoa kazi, unabaki na mti uleule uliozeeka kwa mwaka mmoja. Ukiondoa mwisho, unabaki na kujidanganya.

Ndiyo maana nasema swali la "sasa au baadaye" limeulizwa vibaya. La kuuliza ni: kitakachobadilika ni nini? Binti akiomba mwakani kwa C tatu zilezile, kwenye vyuo vilevile vitatu, atakuwa amelituma tena ombi lile la mwanzo. Na akiahirisha bila kushika jembe, hajaahirisha kitu, amekaa tu.

Nimetoka kusoma falsafa, kwa hiyo nivumilieni kidogo. Mtakatifu Thoma wa Akwino anapoeleza fadhila ya busara anasema ina matendo matatu: kutafuta shauri, kutoa uamuzi, na kuagiza utekelezaji. Hilo la tatu ndilo kubwa kuliko yote, maana mtu anaweza kushauriwa vizuri, akaamua vizuri, halafu asifanye lolote. Kisha anaonya kuhusu makosa ya pande mbili. Kuna pupa, yaani kuruka ngazi za shauri na kujitupa chini. Na kuna uzembe, yaani kujua la kufanya na kutolianza. Kutoka kwa Aristotle anachukua wazo kwamba shauri lichukue muda, lakini likishaamuliwa litekelezwe upesi. Sasa zirudie zile methali mbili. Hazigombani hata kidogo. Ile ya haraka haraka ni ya wakati wa shauri, ile ya ngoja ngoja ni ya wakati wa kutenda. Tatizo letu vijana ni kuzibadilisha: tunaamua kwa dakika tano kwenye simu, halafu tunatekeleza kwa miaka miwili.

Chimbua kwanza uone mzizi

Huwezi kujua samadi gani itafaa kama hujajua kwa nini mti haukuzaa. Hapa Kigoma tuna mfano wa kweli wa jambo hili. Katika miaka ya 1980 akina mama wengi walikuwa wanafariki kwa sababu za uzazi katika Hospitali ya Mkoa, Maweni. Dkt. Godfrey Mbaruku na wenzake walirudi kwanza kuchunguza vifo vya mwaka 1984 hadi 1986, wakatafuta sababu zake. Ndipo mwaka 1987 wakaanza mpango wa hatua 22, nyingi zikitegemea vitu na watu waliokuwepo palepale. Vifo vilishuka kutoka 933 kwa kila vizazi hai 100,000 hadi 186 kufikia mwaka 1991. Wewe unayetaka kuwa daktari, anza udaktari wako hapo. Kichunguze kushindwa kwako kama walivyochunguza wao, bila kutafuta wa kumlaumu na bila kujipiga kifua kupita kiasi.

Pengine sababu ni alama, kama kwa binti yetu. Basi kuahirisha kuna maana, ila kuna ratiba yake. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, na usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufungwa miezi mingi kabla. Ukisubiri mpaka awamu ya mwisho ya udahili ikukatae ndipo uanze kufikiria kurisiti, unaweza kukuta mlango umefungwa na mwaka mwingine umekwenda. Halafu PCB si somo la kukariri ukiwa umelala kitandani. Kuna vitendo: kuna titresheni, kuna kupasua mende na panya, kuna nyaya za umeme. Mtu aliye nyumbani Titye bila maabara atapata wapi hayo? Samadi hapa ina sura kamili: shule yenye maabara itakayokubali kukupokea, shangazi wa kukaa kwake mjini Kasulu au Kigoma, mwalimu wa Kemia atakayekusahihisha kila wiki, na nauli. Kama hivyo vinapatikana, chimba. Kama havipatikani, usiseme "narisiti" kwa sababu tu neno hilo linawanyamazisha watu wanaouliza. Na kabla ya yote uliza vyuo unavyovitaka wanasomaje matokeo ya mtu aliyefanya mtihani mara mbili.

Pengine sababu ni jinsi ulivyoomba. Tangu mfumo wa udahili wa pamoja ulipoachwa mwaka 2017, kila mwombaji huomba moja kwa moja vyuoni, na kuna watu wenye pointi 12 walioomba chuo kimoja tu kwa sababu ndicho walichokisikia tangu utotoni. Huyu asisubiri. Kwake kusubiri ndio ule uzembe wa Mtakatifu Thoma. Asome kitabu cha mwongozo cha TCU, aangalie vyuo vyote vinavyofundisha udaktari, aombe dirisha likifunguliwa.

Pengine ni fedha. Udaktari ni miaka 5 darasani na wodini, kisha mwaka 1 wa utarajali. Ada katika vyuo visivyo vya serikali, pamoja na vile vya Kanisa letu, ni mamilioni kadhaa kwa mwaka, na mkopo wa Bodi si lazima uzibe pengo lote. Kuna vijana wanasema, ngoja nifanye kazi mwaka mmoja nipate ada. Nasema kwa heshima: mwaka mmoja wa kubeba zege haulipi miaka 5. Utakula, utamsaidia mama, na mwakani utakuwa palepale. Jembe la kweli kwa mwenye shida hii liko kwenye karatasi: vyeti vya kuzaliwa, na kwa yatima vyeti vya vifo, vihakikiwe RITA mapema, fomu ya mkopo ijazwe bila pengo, barua zipigwe mihuri kabla ya siku ya mwisho. Halafu soma mwongozo wa mikopo wa mwaka husika uone ukomo wa miaka tangu mtu amalize kidato cha sita. Kuahirisha sana kunaweza kukufungia mlango huo.

Na pengine ulifanya mtihani ukiwa mgonjwa, au mwezi ule ule mmemzika baba. Huyo apumzike bila kuona haya. Mtakatifu Gianna Beretta Molla alisimamishwa masomo na wazazi wake mwaka mzima akiwa msichana, kwa sababu ya afya. Mwaka 1949 alihitimu udaktari Pavia, Italia, na mwaka 2004 Papa Yohane Paulo II akamtangaza mtakatifu. Mwaka ule haukumpotezea kitu.

Je, unataka kutibu au unataka kuitwa dokta?

Hapa inabidi tuongee kama ndugu. Yoshua bin Sira sura ya 38 inatuagiza kumheshimu mganga kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka, na hata dawa ametoa Bwana kutoka ardhini. Ni sura nzuri, isome. Lakini angalia inasifu nini: uponyaji. Haisemi lolote kuhusu jina mbele ya jina.

Uliza hapa nyumbani nani alikutibu malaria ulipokuwa mdogo. Kwenye zahanati zetu, mara nyingi sana ni tabibu au muuguzi. Wako waliokwenda mbali zaidi: madaktari wasaidizi, watu walioanza kama matabibu wakaongezewa mafunzo ya miaka 2. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulitazama hospitali za Kigoma na Mwanza ukakuta kwamba sehemu kubwa ya upasuaji wa akina mama wajawazito ilifanywa na hao, na matokeo ya kazi yao hayakuwa mabaya kuliko ya madaktari wenye shahada. Kuna watu wanatembea Kasulu leo kwa sababu ya mikono hiyo.

Kwa hiyo binti wa Titye akienda kusoma stashahada ya utabibu, asiambiwe ameshindwa. Miaka 3 si midogo, na akimaliza anaweza kuajiriwa, kusaidia nyumbani, na kuomba udaktari kwa sifa linganishi, akiwa na wastani mzuri, GPA ya 3.0 au zaidi, na masomo yake ya kidato cha nne yakiwa sawa. Ni njia ndefu. Lakini akifika chuoni atakuwa ameshamshika mgonjwa, ameshaona mtoto akikata roho saa nane usiku na ameshajua kama bado anautaka wito huu. Kwa maoni yangu, kwa kijana wa huku asiye na maabara wala mfadhili, hii mara nyingi ni samadi bora kuliko kurisiti mara ya pili. Wengine watanipinga, sawa.

Ila na mimi niseme upande wa pili. Kupenda udaktari wenyewe, hasa, si kiburi. Kama umetafuta shauri na sababu zinaonyesha B mbili ziko ndani ya uwezo wako, usikimbilie njia nyingine ili tu uonekane mnyenyekevu. Unyenyekevu ni kusema ukweli, na ukweli unaweza kuwa kwamba unaweza.

Mwaka wa binti si sawa na mwaka wa kijana wa kiume

Jambo hili wachungaji wetu hawalisemi sana. Kaka akikaa nyumbani mwaka mmoja kujiandaa, watu wanasema anasoma. Dada akikaa, ghafla kuna maji ya kuchota, kuna shamba la maharage mvua zikianza, kuna mtoto wa dada mkubwa wa kulea, kuna mgeni wa kupikiwa. Saa mbili usiku ndipo anafungua daftari la Kemia, na mwanga wa simu umebaki asilimia kumi. Ikifika Februari kuna mjomba anasema kuna kijana mzuri ana duka, amemuulizia.

Mama na baba mnaosoma hili, na mafrateri wenzangu mtakaoulizwa: ukimwambia binti "subiri mwaka" bila kuuzungushia mwaka huo ua, umempa mtini bila mtunza shamba. Ua unaweza kuwa saa tatu za asubuhi zisizoguswa na mtu. Unaweza kuwa chumba kwa masista. Unaweza kuwa baba kusema mbele ya ukoo mzima, huyu mwaka huu yuko shuleni, asisumbuliwe. Kama ua huo haupatikani, basi kwa huyu binti kuondoka mapema, hata kwa stashahada, kunaweza kuwa ndiyo busara. Mpango mzuri kwenye karatasi si mzuri kama mwenye kuuishi hana saa ya kuuishi.

Mtakatifu aliyerudia darasa

Kwa wale wanaodhani kurudi nyuma ni aibu, nawapa Ignasi wa Loyola. Alizaliwa 1491, akawa askari, akajeruhiwa mguu, akaongoka. Alipoona kwamba bila elimu hataweza kuzisaidia roho za watu, alikaa darasani Barcelona na watoto wadogo kujifunza Kilatini, mtu mzima wa miaka zaidi ya 30. Halafu akafanya kosa la pupa: akaenda Alcalá na Salamanca akabeba masomo mengi kwa mpigo, msingi ukiwa bado mbovu. Alipofika Paris mwaka 1528 alikubali ukweli, akaanza Kilatini upya, tena na wavulana. Yaani alirisiti!

Na fedha zilimsumbua kama zinavyotusumbua. Pesa aliyomkabidhi mwenzake aitunze ilitumiwa ikaisha, akabaki kuombaomba kila siku. Akagundua kwamba kuomba kila siku kunakula masomo. Akabadili utaratibu: wakati wa likizo alisafiri hadi Flanders kwa wafanyabiashara Wahispania, akakusanya ya kumtosha mwaka, akarudi kusoma. Alilichukua tatizo la ada kama tatizo la ratiba.

Kuna na hili, linalotuhusu sisi wa vikundi vya sala. Alipokuwa Barcelona, kila alipofungua kitabu cha Kilatini yalimjia mawazo matamu ya kiroho, kiasi cha kushindwa kukariri. Alipoyachunguza aligundua ni kishawishi, kwa sababu yalimjia saa ya kusoma kuliko hata saa ya sala. Alimwendea mwalimu wake akaahidi kutokosa kipindi. Wewe uliyeahirisha kuomba chuo ili ujiandae, halafu kila wiki una mkesha, semina na safari ya kwaya, mfikirie Ignasi.

Uamue siku gani?

Huyo huyo Ignasi, katika Mazoezi ya Kiroho, anafundisha kwamba mtu akiwa katika ukiwa wa roho, giza na kukata tamaa, asibadili uamuzi alioufanya alipokuwa na amani. Kwa hiyo usiamue wiki ile jina lako halikutokea kwenye orodha. Usifute namba ya chuo, usimwambie mama "mimi na shule basi", usikubali posa. Zidisha sala kidogo, lala, kula, nenda shambani.

Lakini madirisha ya udahili hayasubiri roho yako itulie, yanafunguliwa na kufungwa. Ndiyo maana shauri lifanyike kabla, wakati wa amani, mtihani ukiwa umeisha na matokeo hayajatoka. Kaa chini kama yule mtu wa Luka 14 anayetaka kujenga mnara na kuhesabu gharama kwanza. Andika: nikipata hivi nitafanya hivi, nikipata vile nitafanya vile. Matokeo yakija, uamuzi unakuwa tayari umekaa unakusubiri.

Ukishindwa kuona wazi, Ignasi ana mbinu nyingine naipenda. Mfikirie mtu ambaye hujawahi kumwona, unayemtakia mema tu. Tuseme ni binti wa Kibondo mwenye alama kama zako, baba kama wako, mfuko kama wako. Ungemshauri nini? Mara nyingi jibu linatoka haraka na halina aibu ndani yake. Kisha lichukue wewe. Halafu mpelekee mtu anayejua: daktari au tabibu wa Hospitali ya Kabanga, mwalimu wako wa Kemia, mwanachama wa TMCS aliye mwaka wa tatu. Mtakatifu Thoma anahesabu utayari wa kufundishwa kuwa ni sehemu ya busara yenyewe. Padre atakusaidia kupima moyo wako, lakini usimtarajie ajue siku ya mwisho ya usajili wa NECTA.

Na ule mwisho wa mtini usiusahau. Andika tarehe. "Nikirisiti mara hii moja na nisifikishe pointi kadhaa, Septemba naingia utabibu." Mwonyeshe mtu mmoja atakayekukumbusha.

VIWAWA na TYCS mnaokutana Jumapili hii, chukueni huu mfano wa binti wa Titye mujadili: je, angekuwa dada yako, una nafasi gani katika kumzungushia ua? Kwenu kuna nani mwenye maabara, chumba, kitabu cha Kemia kilichokaa kabatini, bando la kufungulia ukurasa wa udahili? Na kama kati yenu yupo anayesoma chuo cha afya na amekuja likizo, mpeni nafasi aongee wa kwanza. Sisi mafrateri tutakaa nyuma tusikilize.